Kuku Watoke Ndani

Kuku watoke ndani ya nyumba.

Watoke jikoni anakotambaa mtoto. Watoke uvunguni mwa kitanda. Watoke kwenye kona ya chumba wanakofunikwa tenga usiku. Watoke sasa.

Ujumbe huu ni wa Mbulu na Hanang. Ni wa Haydom, Dongobesh na Yaeda Chini. Ni wa Katesh, Endasak na Basotu. Ni wa kila kaya yenye kuku, bata, kanga au njiwa, na kaya za namna hiyo ndizo nyingi.

Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza imeshaingia, na inawadhuru watoto polepole bila kelele. Ya pili inazunguka dunia, imeshatua kwa majirani zetu, na ikiingia itakuja na kasi. Zote mbili zina mlango mmoja: kinyesi cha ndege, ute wa ndege, damu ya ndege, na mikono yetu isiyooshwa.

Nianze na iliyoingia.

Kati ya 2009 na 2014 watafiti walifuatilia watoto wachanga katika nchi 8: Bangladesh, India, Nepali, Pakistani, Brazili, Peru, Afrika Kusini na Tanzania. Utafiti uliitwa MAL-ED. Kituo cha Tanzania kilikuwa Haydom, wilayani Mbulu. Watoto walioandikishwa wakiwa na siku chache tu walifuatiliwa hadi miaka 2. Choo chao kilipimwa kila mwezi, wawe wanaharisha au hawaharishi.

Kikaonekana kitu ambacho mama peke yake asingeweza kukiona. Ukijumlisha vituo vyote, watoto wapatao 85 kati ya 100 walikuwa wameshapata bakteria aitwaye kampilobakta kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Makazi makuu ya bakteria huyu ni utumbo wa kuku. Kuku mwenyewe haumwi. Anakula, anataga, anaatamia, na kinyesi chake kimejaa.

Mtoto naye si lazima aharishe. Hapo ndipo pabaya. Anacheka, ananyonya, anacheza, huku utumbo wake umevimba ndani kwa ndani na chakula hakifyonzwi inavyotakiwa. Andiko la mwaka 2016 lililotokana na utafiti huo, mwandishi wake wa kwanza akiwa Caroline Amour, lilionyesha kwamba watoto waliobeba kampilobakta mara nyingi zaidi walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka 2.

Huo ndio udumavu. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo ambako watoto walidumaa zaidi kuliko vingine vyote. Mtoto aliyedumaa akiwa na miaka 2 hafidii urefu ule kirahisi. Hafidii na sehemu ya akili iliyokosa kujengeka wakati huo. Atakwenda shule, atakaa dawati moja na wenzake, na atapata tabu kufuata somo. Mwalimu atasema hana bidii.

Kuna atakayesema watoto wapewe dawa, yaishe.

Dawa zilijaribiwa. Zilijaribiwa hapohapo Haydom. Katika utafiti ulioanza 2017, watoto zaidi ya 1,100 waliandikishwa, na baadhi yao wakapewa antibiotiki na dawa ya vimelea vya tumboni kwa awamu, mara baada ya mara, hadi wakiwa na miezi 15. Matokeo yalichapishwa 2021. Waliopewa dawa hawakurefuka kuliko wasiopewa.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: ukimpa mtoto dawa ukamrudisha kwenye sakafu ileile, umemrudisha kwa ugonjwa uleule.

Iangalie sakafu hiyo alfajiri. Tetea anatoka uvunguni na vifaranga vyake. Nyuma yake kuna madoa, mengine makavu ya jana, mengine mabichi. Mama anachukua ufagio, anafagia kuelekea mlangoni, vumbi linapanda hadi usawa wa uso wa mtoto aliyekaa kwenye kanga. Punje ya mahindi iliyoanguka usiku kutoka kwenye sahani ya makande iko pale chini. Kuku anaidonoa, anaiacha. Mtoto wa miezi 9 anaiokota, anaitia mdomoni. Hakuna aliyekosea hapo kwa makusudi, na kesho asubuhi itakuwa hivyohivyo.

Sasa hatari ya pili.

Inaitwa mafua makali ya ndege. Mwaka 1997 yaliwapata watu 18 huko Hong Kong. Watu 6 walikufa. Tangu 2003, watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua aina hiyo, H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Karibu nusu. Hakuna nchi iliyopata wagonjwa wengi kuliko Misri: zaidi ya 350, na wapatao 120 wakafa. Wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa ya kuku. Walikuwa akina mama na watoto wa nyumba zinazofuga kuku na bata wachache, wanawachinja wenyewe, wanawanyonyoa wenyewe, wanalala nao karibu. Walifuga kama tunavyofuga sisi.

Kirusi hiki hakijajifunza kuenea kirahisi kati ya mtu na mtu. Hilo ni kweli, na ni nafuu kubwa. Lakini kila mtu mmoja anayeambukizwa na kuku ni nafasi moja zaidi kwa kirusi hicho kujifunza.

Msiseme ugonjwa huu uko mbali. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua makali ya ndege, kwanza kwa ndege pori waliokufa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kisha kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilipoteza mamilioni ya kuku, mayai yakaadimika madukani. Mwaka huohuo Msumbiji, tunayopakana nayo kusini, iliteketeza kuku kwa makumi ya maelfu. Hapa kwetu, mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuchomwa moto kwa hofu ya ugonjwa huo huo.

Namanga kuna geti. Ziwa Basotu halina geti. Balangida halina geti. Eyasi na Manyara hayana geti. Kuanzia Oktoba hivi ndege wa majini na wa pwani hushuka kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, wanatua kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, wanachanganyika na mabata maji wa huku, wanakunywa maji yaleyale wanayokunywa bata wetu na kuku wetu wanaozurura ufukweni. Hakuna askari wa kuwazuia, wala hakuna sababu ya kuwaua au kuwafukuza. Cha kufanya ni kuwatenga kuku wetu na maji yao.

Na sasa nifike kwenye jambo linaloniogopesha kuliko yote.

Kideri.

Kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anakijua kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kinakuja, kuku wanasinzia, wanahara kijani, wanapinda shingo, wanashindwa kupumua, na ndani ya siku chache banda limebaki tupu. Tumekizoea. Kuku wakifa kwa wingi tunasema ni kideri, na tukishasema hivyo hakuna anayeuliza tena.

Mafua makali ya ndege yanaua hivyohivyo. Kuku anasinzia. Anavimba uso. Undu unageuka zambarau. Anakohoa, anahara, anakufa. Pengine anakufa kabla hata hujaona dalili. Kwa macho, hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu hawezi kuapa kwamba hiki ni kideri na hiki si kideri. Maabara ndiyo inayosema.

Kwa hiyo siku mafua ya ndege yatakapoingia Hanang au Mbulu, yataitwa kideri.

Yakiitwa kideri, kuku wataliwa. Aliyeanza kusinzia atachinjwa upesi kabla hajafa, maana nyama ni nyama. Mama atachemsha maji, atamtumbukiza, atamnyonyoa kwa mikono mitupu, mvuke na unyevu vikimpiga usoni. Binti atapewa utumbo autoe na firigisi aisafishe. Mdogo wake atapewa miguu achezee wakati anasubiri. Nyama ikiiva vizuri haina tena kirusi, moto unakiua. Lakini madhara yameshatokea kabla sufuria haijakaa jikoni.

Waliobaki watauzwa. Hili lifuateni hatua kwa hatua. Kitongoji kimoja karibu na ziwa kinapoteza kuku 40 ndani ya siku tatu. Wenye kuku waliobaki hai wanaogopa hasara, wanawahi mnadani. Mchuuzi anajua wanauza kwa nini, bei inashuka, ananunua. Anawatia kwenye tenga moja na kuku wa kijiji kingine walio wazima. Matenga yanafungwa nyuma ya bodaboda hadi Katesh, yanapanda juu ya basi. Jioni yako Babati. Usiku yako Arusha. Mengine yamechukua njia ya Singida, ambako kuku wa kienyeji hukusanywa kwa ajili ya Dodoma na Dar es Salaam. Siku ya nne mama aliyenyonyoa kuku kule kitongojini anapata homa kali na kikohozi. Anakwenda zahanati. Anapimwa malaria. Hana. Anapewa dawa ya nimonia anarudi nyumbani.

Hakuna aliyemuuliza habari za kuku. Yeye naye hakuzitaja, kwa sababu haoni uhusiano.

Hapo ugonjwa uko mikoa mitano na hauna jina.

Bonde la Ufa limeshaonywa na wanyama siku za nyuma. Mwanzoni mwa 2007 ng'ombe, mbuzi na kondoo walianza kutupa mimba. Kisha watu wakaanza kuugua Homa ya Bonde la Ufa, na zaidi ya watu 100 walikufa nchini. Wanyama walisema kwanza. Na kupima mapema huokoa: Kagera, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg uliwapata watu 9 na kuua 6, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko huo uliishia hapo kwa sababu sampuli zilipimwa haraka, ugonjwa ukatajwa kwa jina lake hadharani, na kila aliyemgusa mgonjwa akatafutwa.

Katesh inajua maana ya kukosa muda. Alfajiri ya 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka na kuua watu zaidi ya 80.  Ugonjwa wa ndege hauji hivyo. Unaanza na kuku. Unatoa siku kadhaa. Siku hizo ndizo tunazozitupa tunapokula mizoga na kuuza waliobaki.

Kuhusu kasuku na njiwa nitasema kwa ufupi. Kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano asili yake ni Tanzania, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali. Mwacheni porini. Kasuku, njiwa na bata wanaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ambaye huingia mapafuni kwa vumbi la kinyesi kilichokauka. Mwaka 1929 na 1930 kasuku waliouzwa kutoka Amerika Kusini waliisambaza Marekani na Ulaya. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wagonjwa wameongezeka katika nchi kadhaa za Ulaya, na watu 5 wamekufa. Inatibika kwa doksisaiklini, dawa ya bei ndogo, endapo tu mganga atajua kwamba mgonjwa anaishi na ndege. Mwenye njiwa asifagie kinyesi kikavu. Anyunyizie maji kwanza, ajifunge kitambaa puani, ndipo afagie.

Sasa ya kufanya. Ni machache.

La kwanza ni banda. Najua kwa nini kuku wanalala ndani. Mbulu kuna baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Kuna kicheche, kuna paka pori, kuna wezi. Kuku ndiye benki ya mama: akikosa chumvi au daftari la mtoto, anauza jogoo. Hakuna mwenye akili anayeacha benki yake nje usiku bila ulinzi. Kwa hiyo banda liwe banda kweli. Lijengwe likiegemea ukuta wa nyumba, upande usiopigwa na upepo. Liinuliwe juu ya nguzo kama kichanja, sakafu ya fito zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Kuta zikandikwe udongo, juu iachwe nafasi ya hewa. Mlango uwe na kufuli. Fito zipo, udongo upo, mafundi wapo kila kitongoji. Kwa kaya nyingi kinachokosekana ni bawaba, misumari na kufuli. Baba anayejenga zizi la ng'ombe kwa wiki nzima anaweza kujenga banda la kuku kwa siku mbili, hata kama kuku si wake.

Na mtoto anayetambaa awekwe kwenye mkeka safi ambao kuku hapandi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku, mayai au kinyesi, na kabla ya kumlisha mtoto. Sabuni ikikosekana, jivu. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe. Utafiti ule wa nchi 8 uliona kampilobakta imepungua kwa watoto walionyonya maziwa ya mama pekee, katika nyumba zilizotibu maji ya kunywa na zenye vyoo bora. Hakuna kigeni hapo.

La pili ni chanjo ya kideri. Ipo chanjo ya matone inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Unaweza kuibeba hadi kijijini ukiwa umeifunga kwa kitambaa kibichi, mradi isipigwe na jua. Mshike kuku ubavu, jicho moja litazame juu, dondosha tone moja, subiri apepese. Basi. Kuku wote, wakubwa kwa vifaranga, siku moja kijiji kizima, na kurudia kila baada ya miezi 3. Dawa za unga za antibiotiki zinazouzwa kwa wingi dukani haziui kideri wala mafua ya ndege, kwa sababu vyote viwili ni virusi. Ni fedha iliyotupwa.

Chanjo hiyo ina faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Ikiwa kijiji kizima kimechanja kideri na bado kuku wanakufa kwa wingi, basi kila mtu atajua papo hapo kwamba kuna jambo jingine. Hatuwezi tena kusema ni kideri tu.

La tatu ni taarifa. Kuku wakifa watatu, wanne, watano kwa mkupuo, wasiliwe. Wasiuzwe. Wasitupwe korongoni wala kwa mbwa. Mpigieni afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003 inataka taarifa itolewe, lakini sisemi hili kwa kuogopesha mtu na sheria. Nasema kwa sababu bila sampuli hakuna jibu. Akishachukua sampuli, mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu, imwagiwe chokaa au jivu. Anayeishika avae mfuko wa plastiki mikononi na kitambaa puani. Watoto wakae mbali.

Halmashauri zote zina deni hapa. Mama akitoa taarifa, kuku wake wakaangamizwa asilipwe kitu, hatatoa taarifa tena, na jirani yake hatatoa kabisa. Serikali iseme mapema, kabla ya mlipuko, atalipwa nini na lini. Iseme kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti. Na afisa mifugo awe na mafuta ya pikipiki. Taarifa inayosubiri mafuta kwa siku tano haina tena faida.

Wachuuzi: msichanganye kuku wa vijiji viwili kwenye tenga moja. Osheni matenga kwa sabuni, yakauke juani kabla ya mnada mwingine. Mkiona kijiji kizima kinauza kuku kwa bei ya kutupa, msinunue. Semeni.

Waganga na wauguzi wa zahanati: mgonjwa wa homa na kikohozi asiye na malaria aulizwe swali moja. Nyumbani kwenu kuna kuku au ndege waliokufa hivi karibuni? Liandikwe kwenye daftari. Akijibu ndiyo, vaeni barakoa, mtengeni na wengine, mjulisheni mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo. Na mgonjwa asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Wenyeviti wa vitongoji, wiki hii, watafute namba ya simu ya afisa mifugo wa kata. Waibandike mlangoni mwa zahanati, kwenye mashine ya kusaga, na kwenye geti la mnada. Asiyempata apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, ataje kijiji chake, kuku wangapi wamekufa na tangu lini, na kama ndani ya nyumba kuna mtu anayekohoa.